Vape Yako Iko na Risasi, na Si Ile ya Bunduki

Wasee, nianze na aibu yangu mwenyewe.

Jumamosi moja nilikuwa kwa bibi, Kibokoni, hapo Old Town ambapo nyumba zimebanana hadi jirani akikaanga samaki wewe ndo unashikwa na njaa. Bibi akaniita chumbani. Mkononi ameshika kitu kidogo cha rangi ya waridi, kina taa ya bluu huku chini.

"Mjukuu wangu, hichi ni kitu gani? Nimekipata kwenye suruali ya shule ya mdogo wako. Chanukia kama bazoka. Ni manukato?"

Ilikuwa vape. Na haikuwa ya huyo dogo, binamu yangu wa miaka 16. Ilikuwa yangu. Mi nilidhani nimeiangusha Lighthouse tukila mihogo na mabeshte, kumbe dogo alishaibeba kitambo.

Nikajaribu kujitetea. Nikamwambia bibi ni kitu cha kuvuta, kama sigara, lakini hii haina moshi, ni mvuke tu. Bibi ni mtu wa udi, chetezo kwake hakipoi, kwa hivyo mambo ya moshi anayajua kuliko mimi. Akaniangalia, akaniuliza swali moja tu: "Na huo mvuke watoka wapi?"

Nikakosa jibu. Maze, zaidi ya mwaka mzima navuta hiyo kitu, na sikuwa najua hata ndani kuna nini. Ndo nikaanza kuchimba. Nilichopata ndicho hiki, na kama uko na vape mfukoni saa hii, soma hadi mwisho kabla upige pafu ingine.

Ndani ya hiyo kitu kuna nini?

Kwanza nilipeleka moja iliyokufa kwa fundi wa simu mitaa ya Marikiti. Nikamwambia, "Fundi, hii sitaki uitengeneze, nataka unifungulie nione." Akacheka, akaifungua. (Usijaribu hii kwa keja. Ndani kuna betri ya lithiamu, ukiitoboa inaweza kulipuka moto mkononi.)

"Haina maajabu, yakhe," akasema. "Betri, pamba, waya."

Na kweli. Kuna betri. Kuna pamba iliyolowa ile juisi. Katikati ya pamba kuna waya mdogo umejikunja kama springi, huo ndio koili. Halafu kuna vipande vidogo vya chuma vya kushikilia kila kitu, na lehemu pale nyaya zinapoungana. Ukivuta, betri inapasha koili moto, koili inachemsha juisi, juisi inakuwa mvuke, wewe unameza hewa tamu ya stroberi. Hiyo ndo stori yote.

Sasa shida iko kwa hizo vyuma. Koili nyingi zinatengenezwa kwa mchanganyiko wa nikeli na kromiamu, ama chuma, kromiamu na alumini. Vile vipande vingine vinaweza kuwa vya shaba iliyochanganywa na madini mengine, na moja ya hayo madini ni risasi. Si risasi ya bunduki, ni ile madini laini, nzito, ya kijivu, ambayo wavuvi wa Old Port wanaifunga kwa mshipi kama chubwi ili ndoano izame. Hiyo hiyo.

Na usidhani utaiona. Fundi aligeuza zile vipande kwa mwanga, akaniambia kwa macho huwezi kujua ni chuma gani. Hiyo ni kazi ya maabara.

Ukwaju kwenye sufuria

Niliporudi kwa bibi kumweleza, yeye ndo aliniwekea sawa kwa maneno machache kuliko kurasa zote nilizosoma. "Basi ni kama kuweka ukwaju kwenye sufuria ukalala nao," akasema. "Asubuhi waonja chuma."

Exactly, bibi. Kila mtu aliyelelewa Pwani anajua achari na ukwaju haulazwi kwenye sufuria. Uchachu unakula chuma, na chuma kinaingia kwa chakula. Juisi ya vape pia si maji. Iko na nikotini, rangi, ladha, na mara nyingi asidi ya kufanya nikotini isikwaruze koo. Hiyo juisi inakaa imegusana na vyuma wiki nzima, mwezi mzima, tangu kiwandani hadi kwa kontena hadi kwa duka. Vape nyingi sana duniani zinatengenezwa Shenzhen, China. Piga hesabu ya safari ya meli kutoka huko hadi bandari ya Kilindini, kwa joto la bahari. Juisi imelala na chuma muda wote huo. Halafu wewe unakuja unaongeza moto juu.

Kuna watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, waliopima hii kitu vizuri sana mwaka 2018. Walichukua watu 56 wanaovape kila siku, wakapima juisi mara tatu: kwanza ikiwa bado kwenye chupa yake, pili ikiwa ndani ya vape imeshagusana na koili, tatu ikiwa mvuke.

Juisi ya kwenye chupa ilikuwa na madini kidogo. Ikishaingia kwa vape, madini yanapanda. Na kwenye mvuke, kiwango cha kati cha risasi kilikuwa zaidi ya mara 25 ya kile cha kwenye chupa. Karibu nusu ya sampuli za mvuke zilikuwa na risasi kupita kiwango cha hewa kilichowekwa na shirika la mazingira la Marekani. Walipata pia nikeli, kromiamu na manganisi.

Umeelewa hapo? Unaweza kununua juisi ya bei, imeandikwa "safi" kila upande, na bado ukavuta sumu. Juu sumu haikuwa kwa chupa. Iko kwa kifaa.

Fegi 400 kwa siku moja

Hiyo ya 2018 ilikuwa vape za kujaza. Sasa hizi za kisasa, zile za kutumia ukatupa, zenye rangi za peremende na mapafu maelfu? Hizo ndo zimeharibu kabisa.

Juni 2025, watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walitoa matokeo yao. Walichukua aina saba za vape za kutupa kutoka kwa chapa tatu zinazouzwa sana kwao, wakaziweka kwa mashine inayovuta yenyewe, kati ya mapafu 500 na 1,500 kwa kila moja, wakapima kila kitu kinachotoka.

Moja ya hizo vape ilitoa risasi nyingi kwa matumizi ya siku moja kuliko karibu pakiti 20 za sigara. Pakiti moja ni fegi 20. Hiyo ni karibu fegi 400. Msee gani unamjua anachoma fegi 400 kwa siku? Hata yule mzee wa kona anayewashia fegi kwa fegi hawezi.

Zingine tatu za kukumbuka kutoka kwa huo utafiti:

Moja, kwenye baadhi ya vape, risasi na antimoni zilikuwa tayari kwa juisi kabla mtu apige hata pafu moja. Kwa hivyo hiyo stori ya "mi huvuta mbili tatu tu nikiwa na mbogi" haikuokoi.

Mbili, nikeli ilikuwa inatoka kwa koili, na vape ikizidi kuzeeka ndo madini yanazidi kupanda. Ile vape unayobembeleza siku za mwisho, unaitingisha, unaipulizia, unairudisha chaji ili utoe mapafu kumi ya mwisho, hiyo ndo mbaya kuliko ilivyokuwa mpya.

Tatu, risasi nyingi ilitoka kwa vipande vya shaba vyenye risasi, ambavyo hata havipashwi moto. Vimekaa tu hapo, vinalowa. Ukwaju na sufuria, kama bibi alivyosema.

Mvuke wa vape tatu ulipita kiwango cha hatari ya saratani kwa nikeli, mbili kwa antimoni. Vape hizo zilinunuliwa Marekani, si Digo Road. Lakini jiulize: kama nchi yenye maabara kila kona inauziwa hizo, kinachokuja kwetu kwa magendo bila lebo kinapimwa na nani?

Mombasa tunaijua risasi

Sasa hapa ndo nilishtuka. Kwa sababu hii sumu si ngeni kwetu. Ukitoka kisiwani ukavuka Makupa, ukaelekea Mikindani, kuna mtaa unaitwa Owino Uhuru. Watu karibu 3,000 wanaishi hapo. Mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari kilianza kazi ukutani mwao. Kilikuwa kinatoa risasi kwa betri. Moshi ukashuka kwa mabati, vumbi kwa uwanja wa watoto, maji machafu yakapita mtaani.

Mama mmoja, Phyllis Omido, alikuwa ameajiriwa hapo. Mtoto wake mchanga akaugua. Alitibiwa magonjwa ya kawaida, homa haishuki, hadi damu ilipopimwa ikapatikana risasi. Mtoto alikuwa ameipata kupitia maziwa ya mama. Omido akaacha kazi, akaanza kupigania mtaa. Kiwanda kilifungwa 2014, na 2015 akapewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman.

Julai 2020, mahakama ya Mombasa iliamua watu wa Owino Uhuru walipwe shilingi bilioni 1.3. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ikaupindua uamuzi. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaurudisha. Hesabu mwenyewe: kutoka 2007 hadi 2024 ni miaka 17. Mtoto aliyezaliwa kiwanda kikifunguliwa alikuwa karibu kuchukua kitambulisho.

Hao watu hawakuchagua. Walikuwa wanapumua tu hewa ya mtaa wao. Sisi tunatoa chapaa mfukoni kununua.

Ikiingia mwilini inafanya nini?

Shirika la Afya Duniani limesema wazi: hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Hakuna kidogo cha "poa tu".

Ukiivuta, chembe ndogo zinaingia hadi ndani ya mapafu na kutoka hapo moja kwa moja kwa damu. Kwenye damu inakaa kama mwezi mmoja ndo ipungue nusu. Lakini nyingine inaenda kujificha kwa mifupa, kwa sababu mwili unaichanganya na kalisiamu. Huko inaweza kukaa miaka 10 hadi 30. Yaani risasi unayovuta leo Lighthouse unaweza kuwa nayo siku unamuoza mtoto wako.

Kwa ubongo ambao bado unakua, risasi inapunguza akili, inaharibu umakini na tabia. Na ubongo wa binadamu unaendelea kukua hadi miaka ishirini na kitu, kwa hivyo binamu yangu wa 16 yuko ndani kabisa. Kwa mtu mzima inapandisha presha ya damu, inaumiza figo, inapunguza damu. Kwa machali, inashusha nguvu ya mbegu za kiume. Kwa madem, sikieni hii: mimba ikiingia, mifupa inaachilia kalisiamu kwa ajili ya mtoto, na risasi iliyojificha inatoka nayo. Inapita hadi kwa mtoto tumboni. Hata kama uliacha kuvape zamani.

Nikeli inayovutwa kazini, kwa viwanda, imehusishwa na saratani ya mapafu na ya pua. Kromiamu ya aina moja pia ni ya saratani. Na mbaya zaidi ni kwamba hakuna dalili ya kukushtua. Kichwa kuuma, uchovu, tumbo, kukosa usingizi. Si kila mtu Mombasa ako na hizo kila wiki?

Na kwa vijana tayari imepimwa. Mwaka 2024, utafiti wa vijana 200 wa Marekani, wa miaka 13 hadi 17, wote wanaovape, ulionyesha kuwa wale wanaovuta mara kwa mara walikuwa na risasi zaidi kwa mkojo kuliko wale wa kuvuta mara moja moja.

"Lakini si ni afadhali kuliko fegi?"

Najua utaniuliza hii, juu hata mimi nilikuwa naisema. Jibu la ukweli: fegi iko na kemikali zake maelfu, iko na kadimiamu, iko na lami, na inaua hadi nusu ya wanaoishikilia. Sikuambii urudi huko. Lakini kusema vape ni afadhali ni kama kulinganisha papa wawili, huyu mkubwa na huyu mdogo, wakati ungeweza kubaki nchi kavu. Wengi wetu hapa hatukuwa hata tunavuta fegi. Mimi sikuwahi. Nilianza na vape ya embe.

Na cheki vile imepita katikati ya vidole vyetu. Shisha ilipigwa marufuku Kenya Desemba 2017. Mei 2024 Gavana Abdulswamad Nassir akatoa amri dhidi ya muguka, kaunti nzima ikatetemeka. Vape yenyewe imetulia tu, inanukia stroberi. Sheria yetu ya tumbaku ni ya 2007, wakati hizi vitu hazikuwa hata mtaani. Mwaka 2024 Seneta Catherine Mumma alipeleka mswada Seneti ili vape na vifuko vya nikotini viwekwe chini ya sheria hiyo. Sawa, lakini mswada hauingii mfukoni mwa dogo kumtolea vape.

Sasa ufanye nini?

Kama unavape na unataka kuacha, piga 1192. Ni laini ya NACADA, ni bure. Nikotini inashika, usijione mnyonge ukishindwa mara ya kwanza.

Kama bado hujaacha, angalau usifanye hizi: usivute vape iliyoanza kuonja kuungua, usifungue ya kutupa ukaijaza juisi tena, usipige mapafu mfululizo bila kupumzika hadi chuma kikawaka.

Kama una mimba, ama unanyonyesha, acha leo. Mwambie daktari ulikuwa unavape. Hatakuchoma.

Kama una wasiwasi, ulizia kipimo cha risasi kwa damu. Usinywe "ditoksi" za mtandaoni. Malimau na maziwa hayatoi risasi kwa mifupa, na dawa zinazoitoa zinapewa hospitali tu, kwa watu waliozidiwa. Dawa ya kwanza ni kuacha kuiingiza. Ukiacha, kiwango cha kwa damu kinaanza kushuka chenyewe.

Na vape iliyokufa usiitupe kwa taka za nyumbani wala usiichome. Iko na betri na iko na hayo madini, na kuna watoto wanaokota vitu jaani. Hatutaki kuanzisha Owino Uhuru ndogo nyuma ya nyumba zetu.

Mimi? Niko wiki ya tano. Ya kwanza ilikuwa noma, nilikuwa nagombana hadi na paka. Sai niko sawa kidogo.

Dogo nilimketisha pale barazani, nikamwambia kila kitu nilichowaambia hapa. Akanyamaza sana. Halafu akaniuliza, "Bro, ile yako niliivuta kama wiki mbili hivi. Iko kwa mifupa yangu?"

Sikuwa na jibu la kumpa, zaidi ya kumwambia tutaenda kupima pamoja Jumatatu. Kama kuna dogo anakuangalia vile huyu alikuwa ananiangalia, mtumie hii.